Taha Akgül: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mbabe wa mieleka kutoka Sivas

Ukurasa huu ni wa wale wanaolisikia jina la Taha Akgül Olimpiki zikifika, kisha wakalisahau hadi miaka minne ipite. Maswali hayakupangwa kwa umuhimu. Penye mengi ya kusema tumesema mengi, penye machache tumepita haraka.

Taha Akgül ni nani hasa?

Ni mwanamieleka wa Uturuki, mzaliwa wa Sivas, 22 Novemba 1990. Alicheza mtindo huru katika uzito wa juu kabisa, kwanza kilo 120 na baadaye kilo 125. Ana medali tatu za Olimpiki: dhahabu ya Rio 2016, shaba ya Tokyo na shaba ya Paris 2024. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu (2014, 2015 na 2022) na bingwa wa Ulaya mara 11. Aliaga mchezo baada ya Paris akiwa na miaka 33, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Mieleka la Uturuki.

Hii ndiyo ile mieleka ya televisheni, ya akina Undertaker?

Hapana, ingawa ndugu hawa wawili wanajuana. Ile ya WWE ni maonyesho, mshindi anajulikana kabla watazamaji hawajaketi. Hii ya Olimpiki haina kamba, haina viti vya kuvunjiana migongoni wala mtu wa kuingia katikati ya pambano kulipiza kisasi. Kuna mkeka wenye duara la mita tisa, wanaume wawili waliovaa nguo ya kubana ya kipande kimoja, mmoja nyekundu na mwingine buluu, mwamuzi anayewazunguka, na wenzake wawili wanaohakiki pointi.

Wapo waliovuka kutoka huku kwenda kule. Kurt Angle, ambaye mashabiki wengi wa WWE wanamkumbuka, alitwaa dhahabu ya mtindo huru ya kilo 100 kule Atlanta 1996, na haikuwa mchezo wa kuigiza. Gable Steveson, Mmarekani aliyemtoa Taha kule Tokyo, alisaini na WWE wiki chache tu baada ya kupokea dhahabu yake. Kwa hiyo ukimwona mtu wa WWE anajigamba kuwa aliwahi kuwa bingwa wa Olimpiki, usicheke kabla hujachunguza.

Mtindo huru ni upi, na tofauti yake na ule mwingine ni ipi?

Olimpiki ina mitindo miwili kwa wanaume. Katika mtindo wa Kigiriki-Kirumi ni marufuku kushika chini ya kiuno au kutumia miguu kumwangusha mwenzako, kazi yote ni ya mikono na kifua. Katika mtindo huru, miguu ya mpinzani ni mali ya umma. Taha alikuwa wa mtindo huru, na silaha iliyomtambulisha ilikuwa ni kuingia miguuni. Kwa mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.90 na uzito unaogusa kilo 125, kujikunja kiasi hicho na kuibuka na mguu wa mtu mkononi si jambo la kawaida. Wengi wa uzito huo husukumana tu wakisubiri mmoja achoke.

Pambano huamuliwaje? Mbona mara nyingine matokeo ni sare lakini mshindi yupo?

Pambano lina vipindi viwili vya dakika tatu, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Ukimlaza mpinzani mabega yote mawili yakagusa mkeka, mwamuzi akathibitisha, mchezo umekwisha palepale hata kama ulikuwa unadaiwa pointi tisa. Ukimzidi kwa pointi 10 katika mtindo huru, mchezo pia umekwisha. Nje ya hapo, mnahesabiana pointi hadi kengele ya mwisho.

Kumtoa mtu nje ya duara ni pointi moja. Kumwangusha na kumdhibiti kwa nyuma ni mbili. Kumgeuza mgongo wake uelekee mkeka ni mbili pia. Kumpiga mweleka kutoka kusimama moja kwa moja hadi mgongoni ni nne, na ule mweleka mkubwa wa kumrusha juu hewani ni tano, ambao kwa uzito wa kilo 125 huuoni kila siku. Mtu anayekwepa mchezo huonywa, kisha hupewa sekunde 30 za kufunga pointi. Akishindwa, mpinzani anaongezewa moja bila kutoa jasho.

Kuna pia rufaa ya video. Kocha asiyeridhika hutupa kipande cha sponji mkekani, waamuzi wanarudi kwenye picha. Akikosea, mpinzani wa mchezaji wake anapata pointi moja. Kumbuka kanuni hiyo, tutaihitaji tukifika Tokyo.

Sasa, sare. Pointi zikilingana hakuna muda wa nyongeza. Huangaliwa kwanza nani alifunga pigo lenye thamani kubwa zaidi, kisha nani ana maonyo machache, na mwisho nani alifunga pointi ya mwisho. Kwa hiyo ubao unaweza kusoma 6–6 na mtu mmoja akaondoka na dhahabu huku mwingine akibaki ameinama mikono magotini. Taha anaijua hali hiyo vizuri kuliko angependa.

Kwa nini rekodi zake za awali ni za kilo 120 na baadaye 125?

Kwa sababu mchezo wenyewe ulikaribia kufa katikati ya safari yake. Mwezi Februari 2013 bodi tendaji ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipendekeza mieleka iondolewe kwenye michezo ya msingi ya Olimpiki kuanzia 2020. Mieleka! Mchezo uliokuwapo kwenye Olimpiki za kale za Ugiriki na ukarudi Athens 1896. Rais wa shirikisho la dunia, Raphaël Martinetti, alijiuzulu, nafasi yake ikashikwa na Mserbia Nenad Lalović, na ndani ya miezi michache sheria zikaandikwa upya.

Kabla ya hapo pambano lilikuwa na vipindi vitatu vya dakika mbili mbili, na kila kipindi kilikuwa na mshindi wake. Ungeweza kumzidi mtu kwa pointi nyingi katika kipindi kimoja, ukapoteza viwili kwa pointi moja moja, ukaenda nyumbani. Kipindi kikiisha bila pointi, mpira ulichomolewa kwenye mfuko kuamua nani apewe nafasi ya kushika mguu wa mwenzake. Kura ya bahati nasibu katika mchezo wa nguvu, na kila mtu aliona ni upuuzi. Sheria mpya zilijumlisha pointi zote za pambano, zikampa faida anayeshambulia. Septemba 2013 kule Buenos Aires mieleka ilishinda kura na kurudishwa, ikizipita skwoshi na besiboli. Mwaka uliofuata madaraja ya uzito yalipangwa upya, 120 ikawa 125, na shirikisho likabadili jina na kuitwa United World Wrestling.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu watu wengi huzitazama medali zake kama kitu kimoja kilichonyooka. Alipata taji lake la kwanza la Ulaya, Belgrade 2012, akicheza mchezo mmoja, na taji la kwanza la dunia akicheza mchezo mwingine. Wapo wababe wa enzi ile ya mpira wa mfukoni ambao sheria mpya ziliwamaliza. Yeye zilimfungulia mlango.

Sivas iko wapi, na ina nini na mieleka?

Iko katikati ya Anatolia, upande wa mashariki wa Ankara, nyanda za juu zenye baridi kali. Mkoa huo una historia. Ahmet Ayık, bingwa wa Olimpiki wa mtindo huru kule Mexico 1968, alizaliwa katika kijiji cha wilaya ya Doğanşar, mkoa huohuo wa Sivas. Ayık ni mmoja wa wachache waliowahi kumsumbua kwelikweli Alexander Medved wa Muungano wa Sovieti, na baadaye aliliongoza shirikisho la mieleka la nchi yake. Taha amefuata njia hiyohiyo hatua kwa hatua: Sivas, dhahabu ya Olimpiki, kiti cha urais wa shirikisho.

Anatolia pia ina mieleka ya jadi iitwayo karakucak, inayochezwa kwenye majani bila mafuta, kwenye sherehe za vijijini. Mtoto aliyekulia kwenye karakucak akiletwa kwenye mkeka wa mtindo huru hashangai sana, maana mishiko mingi ameshaiona.

Je, alicheza ile mieleka ya kujipaka mafuta?

Jina lake halikujengwa huko. Mieleka ya mafuta ni ulimwengu wake, na mashindano yake makubwa ni Kırkpınar, karibu na mji wa Edirne kwenye mpaka wa Ugiriki na Bulgaria. Wachezaji huvaa suruali nzito ya ngozi iitwayo kisbet, wanajimwagia mafuta ya zeituni, na wanapambana kwenye majani. Inapendeza mno kuitazama, ila dhahabu ya Olimpiki haitoki huko.

London 2012 alifanya nini?

Alikwenda akiwa bingwa mpya wa Ulaya, miaka 21, akarudi bila medali. Hakuna zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba msimamo wa uzito wake katika michezo ile ulikuja kubomoka miaka mingi baadaye. Artur Taymazov wa Uzbekistan aliyeshinda dhahabu na Davit Modzmanashvili wa Georgia aliyeshika nafasi ya pili walinyang'anywa medali mwaka 2019 baada ya sampuli zao za zamani kupimwa upya na kukutwa na dawa zilizokatazwa. Waliokuwa na shaba, Komeil Ghasemi wa Iran na Bilyal Makhov wa Urusi, wakapandishwa wote wawili kuwa mabingwa.

Mshike huyo Ghasemi, anarudi sasa hivi.

Alianza lini kuonekana kuwa ndiye mwenye uzito huu?

Shaba ya dunia Budapest 2013 ilikuwa hodi. Mlango ulifunguka Tashkent 2014. Alikuwa na miaka 23, akampiga Ghasemi kwenye fainali na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, Las Vegas, akalitetea taji lake. Kutetea ubingwa wa dunia katika uzito wa juu ni kazi ngumu kwa sababu moja ambayo watu huisahau: hakuna pa kukimbilia. Mtu wa kilo 74 akiona daraja lake limejaa wababe anaweza kupanda au kushuka. Wa kilo 125 yuko kwenye dari, na kila kijana mkubwa wa mwili duniani anamalizikia hapohapo.

Kule Rio ilikuwaje?

Ilikuwa 20 Agosti 2016, Carioca Arena 2, siku moja kabla ya kufungwa kwa michezo. Waturuki walikuwa wameshashinda medali kadhaa, ila dhahabu hawakuwa nayo hata moja. Siku hiyohiyo mwenzake, Selim Yaşar, alifika fainali ya kilo 86 akakutana na Abdulrashid Sadulaev wa Urusi, na kukutana na Sadulaev wa miaka ile ilikuwa sawa na kusomewa hukumu. Fedha. Siku chache kabla, Rıza Kayaalp naye alipoteza fainali yake ya Kigiriki-Kirumi.

Taha akaingia fainali dhidi ya Ghasemi, mtu waliyekwishajuana kila kona. Mapambano ya namna hiyo hayafunguki. Kila mmoja anajua mwenzake anaanzia wapi, basi ni kushikana shingo, kuvutana mikono, kusukumana kuelekea ukingo. Ilimalizika 3–1. Asiyejua mchezo angesema halikuwa na ladha. Kwa Uturuki ilikuwa dhahabu pekee ya Rio, kati ya medali nane, na dhahabu ya kwanza ya mtindo huru tangu Ramazan Şahin aliposhinda kilo 66 Beijing 2008.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa nani?

Ghasemi alikuwa mpinzani wa ujana. Mpinzani wa maisha ni Geno Petriashvili wa Georgia, aliyezaliwa 1994.

Ukiziweka medali zao za Olimpiki pamoja utaona kitu cha ajabu. Petriashvili: shaba Rio, fedha Tokyo, dhahabu Paris. Mwenzake alianzia juu na dhahabu, kisha shaba, kisha shaba. Mmoja anapanda ngazi huku mwingine anashuka, na kwa takriban miaka minane walipishana katikati mara nyingi.

Fainali ya dunia ya 2017, Paris: wawili hao. Petriashvili akashinda. Mwaka 2018 Mgeorgia akashinda tena dunia, safari hiyo bila Taha kwenye fainali. Mwaka 2019, Nur-Sultan, Kazakhstan, wakarudi pamoja kwenye fainali. Hiyo ndiyo ile 6–6. Dakika sita za watu wawili wazito kushambuliana bila kujificha, pointi sita kila upande, kisha macho yote yakaenda kwenye ule mstari mdogo ubaoni unaoonyesha nani anaongoza kwa vigezo. Ulikuwa chini ya jina la Petriashvili. Taji la tatu mfululizo kwake, fedha ya pili kwa Taha.

Wapo wanaosema Petriashvili alimzidi tu. Kwenye fainali za dunia, ndiyo, hilo halina ubishi. Ila mtazame pia upande wa Ulaya, ambako Mgeorgia huyo naye ni wa bara hilohilo na mashindano ni kila mwaka. Huko Taha alikusanya mataji 11. Mimi nadhani hapajawahi kuwa na aliye juu kabisa kati yao, na ndiyo maana daraja hilo lilipendeza kulitazama katika miaka ile kuliko daraja lolote la mtindo huru, hata lile la Sadulaev ambako mshindi ulimjua tangu asubuhi.

Tokyo alifungwa 8–0. Iweje akapata shaba?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na lina haki ya kuulizwa.

Mieleka ina kitu kinachoitwa repechaji. Ukipigwa na mtu ambaye baadaye anafika fainali, unaitwa tena na kupewa njia ya kuwania shaba. Shaba ziko mbili, moja kwa kila nusu ya ratiba. Wazo ni kwamba ratiba inaweza kukukutanisha na mbabe mapema, na si haki upotee kabisa kwa bahati mbaya ya kura. Ukipigwa na mtu aliyetolewa baadaye, basi, pole, funga begi.

Taha alikutana na Gable Steveson kwenye robo fainali. Steveson alikuwa na miaka 21, mwepesi kama mtu wa kilo 80, na hakumpa bingwa mtetezi hata pointi moja. 8–0. Kuanzia hapo matumaini ya Mturuki yalikuwa mikononi mwa yuleyule aliyemchapa: ilibidi amshabikie. Steveson akampiga Lkhagvagerel Munkhtur wa Mongolia kwenye nusu fainali, mlango wa repechaji ukafunguka, na Taha akapita humo hadi kumshinda Munkhtur huyohuyo kwenye pambano la shaba. Shaba nyingine akaichukua Amir Hossein Zare wa Iran.

Na kwa kuwa tumefika hapo, fainali yenyewe. Steveson alikuwa nyuma 8–5 dhidi ya Petriashvili, zimebaki sekunde chache sana. Akamzunguka, mbili. Akamzunguka tena saa ikiwa inakatika, mbili nyingine, 9–8. Wageorgia wakakata rufaa ya video, ikakataliwa, ile pointi ya adhabu ikaongezwa: 10–8.

Baada ya Tokyo si wengi walisema amekwisha?

Walisema, na walikuwa na hoja. Steveson alikuwa amezaliwa 2000, Zare 2001, na Zare huyo akawa bingwa wa dunia 2021 kule Oslo. Petriashvili bado alikuwapo. Bingwa wa Rio alikuwa amefikisha miaka 30, na taji lake la mwisho la dunia lilikuwa la 2015.

Septemba 2022, Belgrade, akashinda tena. Miaka saba kati ya taji la pili na la tatu. Katika miaka hiyo saba alipoteza fainali mbili za dunia kwa mtu mmoja, akachapwa na kijana bila kupata pointi, na kila msimu wapinzani walizidi kuwa wadogo wa umri na wenye kasi kubwa.

Ukiniuliza mafanikio yake makubwa ni yapi, watu wa Uturuki watakwambia Rio, na siwalaumu, dhahabu ya Olimpiki ni dhahabu ya Olimpiki. Mimi nachagua Belgrade 2022. Rio alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia mara mbili mfululizo, yuko kileleni mwa nguvu zake. Angeshindwa ndipo tungeshangaa. Belgrade hakuna aliyekuwa anamdai chochote tena. Mji uleule aliopata taji lake la kwanza la Ulaya miaka kumi kabla, wakati ule akiwa bado anacheza vipindi vya dakika mbili mbili.

Paris 2024?

Shaba, ya pili mfululizo. Petriashvili alichukua dhahabu na Zare fedha. Shaba nyingine ilikwenda kwa Giorgi Meshvildishvili aliyeichezea Azerbaijan. Kwa Uturuki michezo ile ilikuwa migumu: medali nane, dhahabu hakuna, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Los Angeles 1984. Kwa upande wa mieleka medali zilikuwa mbili tu, yake na ya Buse Tosun Çavuşoğlu kwa wanawake kilo 68.

Wanamieleka huacha viatu mkekani. Ina maana gani?

Ni desturi ya kuaga. Mchezaji akimaliza pambano lake la mwisho anavua viatu, anaviacha katikati ya duara na kuondoka na soksi. Kule Paris aliyelifanya hilo na dunia nzima ikatazama ni Mijaín López wa Cuba, baada ya dhahabu yake ya tano mfululizo.

Ukimlinganisha na wakongwe wa Uturuki, yuko wapi?

Kwanza tukumbuke anatoka taifa gani. Kule London 1948 Uturuki ilishinda dhahabu sita, zote za mieleka. Roma 1960, dhahabu saba, zote za mieleka. Nchi hiyo ilikuwa ikienda Olimpiki kupiga watu chini, mengine yalikuwa ziada.

Katika uzito wa juu wa mtindo huru, Waturuki walioshinda dhahabu ya Olimpiki ni watatu: Hamit Kaplan Melbourne 1956, Mahmut Demir Atlanta 1996, na Taha. Demir alishinda mara moja na hapo ndipo ulipoishia ukurasa wake wa Olimpiki. Kaplan ndiye wa kulinganishwa naye. Dhahabu 1956, fedha 1960, shaba 1964: Olimpiki tatu, medali tatu, uzito mmoja. Kwa mizani ya Olimpiki peke yake Kaplan yuko mbele kwa rangi ya ile medali ya katikati. Ukiongeza mataji ya dunia na Ulaya, namweka Taha juu, ingawa nakiri kwamba mashindano ya siku za Kaplan hayakuwa mengi kama ya sasa, na kumpunguzia mtu alama kwa sababu hiyo si haki.

Na Yaşar Doğu?

Huyo ndiye babu wa wote, ila hakuwa wa uzito wa juu. Dhahabu yake ya Olimpiki ni ya London 1948, kilo 73, na mwaka 1951 akawa bingwa wa dunia kule Helsinki akiwa amepanda hadi kilo 87. Mashindano ya kila mwaka ya mtindo huru nchini Uturuki yana jina lake.

Mwanamieleka Uturuki analipwa na nani?

Wengi ni wachezaji wa vilabu vya manispaa na taasisi. Taha alikuwa wa Ankara ASKİ, klabu ya mamlaka ya maji na maji taka ya jiji la Ankara. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekulia kwenye timu za bandari, polisi na benki hatashangaa. Juu ya hapo serikali hutoa zawadi kwa medali, na kwa kawaida huzihesabu kwa sarafu za dhahabu za Jamhuri.

Zamani zawadi hiyohiyo ingekuangamiza. Yaşar Doğu baada ya London alipewa nyumba, na kwa sheria za wakati ule mchezaji wa Olimpiki hakutakiwa kufaidika na mchezo wake. Akahesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa na hakuruhusiwa kutetea taji lake Helsinki 1952.

Taha na Rıza Kayaalp ni mtu yuleyule?

La. Huwachanganya watu kwa kuwa wote ni Waturuki wakubwa wa umbo, wa zama moja, mabingwa wa Ulaya mara nyingi kupindukia. Kayaalp ni wa Kigiriki-Kirumi, kilo 130. Hawakuwahi kugombea medali moja.

Nataka kumtazama. Nianzie pambano lipi?

Usianzie Rio, utalala. Anza na fainali ya dunia ya 2019 dhidi ya Petriashvili, na usiangalie pointi kubwa tu. Kila zinapofungwa, tazama upande wa jina ambako alama ya vigezo inahamia, kwa sababu ndiko pambano lilikoamuliwa. Kisha robo fainali ya Tokyo dhidi ya Steveson, uone jinsi mwili mkubwa unavyochelewa nusu sekunde na nusu sekunde hiyo inavyogharimu. Ukimaliza hizo mbili tafuta mapambano yake ya Belgrade 2022 yote kwa mfuatano, kuanzia raundi ya kwanza. Shirikisho la dunia huweka mapambano mengi kwenye chaneli yake ya YouTube, na maelezo ya Kiingereza unaweza kuyazima bila kupoteza kitu.